Hosi za Regulata na Kugawana Hewa Chini ya Maji: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni kwa wanaozamia kwa mitungi katika maziwa ya Uganda: Nyanza, yaani Ziwa Viktoria, pande za Entebbe, Jinja na visiwa vya Ssese, na hata Bunyonyi kule juu Kabale. Vitabu vingi vya uzamiaji vimeandikwa kwa ajili ya bahari yenye maji meupe, ambako mwenzako anakuona ukiwa mbali. Nyanza mara nyingi huoni zaidi ya mita moja au mbili, na ukigusa tope huoni hata mkono wako. Kwa hiyo hosi za regulata, kifaa kinachokuletea hewa ya mtungi mdomoni, hupangwa kwa kumfikiria mwenzako anayeitafuta hewa yako kwa kupapasa. Majibu haya ni ya kukumbushia mambo uliyofunzwa. Kama hujawahi kugawana hewa ukiwa na mwalimu kando yako, anzia kwa mwalimu.

Regulata ina hosi ngapi, na kila moja inapita wapi?

Kwa kawaida ni nne, na zote zinaanzia kwenye hatua ya kwanza, yaani kile chuma kinachofungwa kwenye vali ya mtungi. Hosi ya regulata kuu inapita juu ya bega la kulia hadi mdomoni. Ya oktopasi, regulata ya akiba, inatoka kulia pia lakini inapita chini ya kwapa. Ya kujazia jaketi la kuelea inapita juu ya bega la kushoto, na ya geji, kipimo cha hewa iliyobaki mtungini, inashuka ubavu wa kushoto.

Tatu kati ya hizo ni za shinikizo dogo, kama bar 9 au 10 kuzidi shinikizo la maji yanayokuzunguka. Hosi ya geji peke yake ndiyo inayobeba shinikizo lote la mtungi, bar 200 au zaidi. Ndiyo maana matundu ya hatua ya kwanza hayalingani: la shinikizo kubwa lina uzi wa inchi 7/16 na la shinikizo dogo inchi 3/8, ili mtu asikosee. Ukinunua regulata ya mtumba iliyo ya zamani sana, pima kwanza. Zipo za kale ambazo matundu yote ni inchi 3/8, na hosi ya shinikizo dogo ikifungwa kwenye tundu la shinikizo kubwa itapasuka mara tu utakapofungua mtungi.

Urefu gani unafaa?

Hosi ya regulata kuu ni sentimita 70 hadi 75. Ya oktopasi ni 90 hadi 100, na huwa ya njano ili ionekane. Ya geji ni 80 hadi 90, ingawa wengi wanaoibana kwa klipu kwenye pete ya kushoto ya kiunoni wanapenda ya 60 kwa sababu haifanyi kitanzi pembeni.

Kipimo kizuri kuliko namba ni mwili wako. Vaa kila kitu ukiwa nchi kavu, tia regulata mdomoni, kisha geuza kichwa kushoto mpaka mwisho. Regulata ikivutwa mdomoni, hosi ni fupi. Kisha inua mikono na umwombe mtu akutazame kwa nyuma. Akiona kitanzi cha hosi kimejitokeza nje ya mabega au ubavu, hosi ni ndefu mno au imetoka kwenye tundu lisilofaa. Mara nyingi hutahitaji hosi mpya. Kuihamishia tundu la jirani au kugeuza hatua ya kwanza kidogo kunatosha.

Kuna ubaya gani oktopasi ikining'inia tu?

Ubaya wa kwanza ni nyavu. Nyavu za makila za nailoni, zilizotegwa kwa ajili ya sangara na ngege kisha zikapotea, zinakaa majini miaka na miaka, na kitu chochote kinachoning'inia kinazinasa. Wa pili ni tope: oktopasi inayoburuzwa chini inajaa mchanga na majani, na chembe moja ikikaa chini ya vali ya kutolea pumzi, yule atakayeipokea atavuta maji. Wa tatu ndio mbaya kuliko yote. Mwenzako hatajua iko wapi, na wewe pia hutajua.

Iweke kifuani, ndani ya pembetatu inayoanzia kidevuni hadi kwenye pembe mbili za chini za mbavu. Kishikizo kiwe cha kuachia kwa mvuto mmoja wa nguvu ya kawaida, kama kishikio cha mpira au pete ya silikoni. Wapo wanaoitia oktopasi mfukoni au kukunja hosi na kuichomeka kwenye pete ya chuma ya jaketi. Kwenye picha inapendeza, lakini mkono wenye hofu hauichomoi. Jaribu hivi: fumba macho, ipapase, hesabu moja, mbili. Kama haijafika mkononi, badilisha mahali.

Nimpe oktopasi, au ile iliyo mdomoni mwangu?

Njia zote mbili zinafundishwa na zote zinafanya kazi, mradi wewe na mwenzako mmekubaliana kabla ya kushuka.

Katika njia ya kwanza unabaki na regulata yako, unampa oktopasi. Vifaa vingi vya kukodi vimepangwa hivyo.

Katika njia ya pili unampa ile unayovuta wewe, kwa hosi ndefu ya sentimita 150 au 210, kisha unachukua ya akiba iliyofungwa shingoni kwa mkufu wa mpira, kwenye hosi fupi ya sentimita 55 hadi 60. Hosi ya 210 inashuka kulia nyuma ya jaketi, inapita mbele ya kifua kwenda kushoto, inazunguka nyuma ya shingo na kuingia mdomoni kutoka kulia. Mpangilio huu ulitoka kwa wazamiaji wa mapango ya Florida, ambao walihitaji kutoka kwenye njia nyembamba mmoja nyuma ya mwingine.

Kwa maji ya Nyanza sisi tunaunga mkono ya pili. Mtu aliyeishiwa hewa hunyakua kile anachokiona kinatoa mapovu, nacho ni kilicho mdomoni mwako. Hicho kinajulikana kinafanya kazi, hakina tope, na kiko mahali ambapo hata gizani mkono utakifikia. Yako ya akiba iko chini ya kidevu, huitafuti. Ila hosi ndefu ina sharti lake: isipite chini ya kitu chochote. Ukivaa mkanda wa tochi au kamera juu yake, ukinyoosha mkono kumpa mwenzako itakwama katikati. Kabla ya kila mzamo itoe yote mpaka mwisho, kisha uirudishe.

Kuna pia regulata ya akiba iliyounganishwa na kifaa cha kujazia jaketi. Mwenye hiyo hana chaguo: lazima atoe ya mdomoni, kwa sababu hosi ya kujazia ni fupi mno kumfikia mtu mwingine. Mwambie mwenzako jambo hilo mkiwa bado kwenye boti.

Hatua za kugawana hewa ni zipi hasa?

Aliyeishiwa anapitisha kiganja shingoni kama anayekata, kisha anaelekeza vidole mdomoni. Haya yanatangulia yote, na asingoje mpaka pumzi iishe kabisa. Anaogelea kwa mwenzake, haendi juu peke yake.

Anayetoa anashika hosi karibu na regulata, ananyoosha mkono na kuipeleka mbele ya mdomo wa mwenzake, kitufe cha kusukumia maji kikiwa nje, wala kiganja kisikifunike. Anayepokea anaitia mdomoni, anatoa pumzi kwa nguvu ili kusukuma maji nje, ndipo anavuta. Kama hana pumzi hata kidogo ya kutoa, anabonyeza kitufe, ulimi ukiwa umeziba njia ya maji.

Hapo hapo mshikane, mkono wa kulia kwa mkono wa kulia, kila mmoja akishika mkono wa mwenzake juu ya kifundo au mkanda wa jaketi. Msipande bado. Vuteni pumzi tatu au nne, tazamaneni machoni, kila mmoja aoneshe ishara ya sawa. Kisha anayetoa anasoma geji yake, anaonesha dole gumba juu, na safari inaanza kwa mwendo usiozidi mita 9 kwa dakika.

Wakati wa kupanda watu husahau jaketi. Hewa iliyomo inatanuka kadiri mnavyopanda, na mikono ya kulia imeshikana, kwa hiyo kila mmoja anatoa hewa ya jaketi lake kwa mkono wa kushoto. Mmoja akisahau, anawavuta wote wawili juu kama boya.

Mkifika juu, aliyeishiwa hawezi kujaza jaketi kwa kubonyeza, maana mtungi wake mtupu. Anayetoa anajaza lake kwanza na kumshikilia, naye apulize lake kwa mdomo au aachie mkanda wa vizito vya risasi. Watu wamezama wakiwa wameshafika juu salama, kwa sababu tu hakuna aliyekumbuka hili.

Na kama hakuna kinachoonekana kabisa?

Ishara ya kiganja shingoni haina maana kwa asiyeiona. Penye giza shukeni mkiwa mmegusana, au mmeunganishwa kwa kamba fupi ya mita 1 hadi 1.5 ambayo kila mmoja anaweza kuiachia kwa mkono mmoja. Kamba ndefu zaidi ya hapo inazunguka mitungi na nyavu.

Kubalianeni ishara za kugusa, chache tu, na mzifanyie mazoezi mkiwa mmefumba macho. Ya hewa iwe kitu ambacho hakifanani na kingine: kwa mfano, kuushika mkono wa mwenzako na kuupeleka kwenye mdomo wako. Anayepokea ishara hiyo hajiulizi maswali, anatoa regulata na kuufuata mkono aliouhisi mpaka usoni. Mpokeaji aguse hosi kwanza, kisha aifuate mpaka mwisho wake. Akipapasa regulata yenyewe ikielea, ataikosa.

Nikipokea regulata ya mwenzangu naingiza maji. Kwa nini?

Karibu kila mara ni kwa sababu imegeuka chini juu. Regulata nyingi zimetengenezwa hosi iingie kutoka upande wa kulia wa anayevuta, na vali ya kutolea pumzi iwe chini. Mkikabiliana uso kwa uso, hosi iliyotoka kulia kwake inakufikia kushoto kwako. Lazima ijikunje kama herufi S ili iingie kulia kwako. Ukiilazimisha iingie moja kwa moja, itageuka, vali itakuwa juu, na maji hayatatoka yote hata ukipuliza. Usiitupe. Izungushe nusu mzunguko mdomoni, puliza tena, vuta polepole. Baadaye, mkiwa nchi kavu, fikirieni hosi ndefu zaidi au kiungo cha kuzunguka kwenye regulata. Zipo pia za akiba zisizo na juu wala chini, na kwa oktopasi hizo zinafaa sana.

Sababu nyingine ni kipande cha kuuma kilichochanika, au ile kamba yake ya plastiki kukatika. Kagua kwa kuvuta regulata huku mtungi umefungwa: usipate hewa hata kidogo. Ukipata, kuna mahali inavuja, na hapo ndipo maji yatakapoingilia.

Tubaki na hewa kiasi gani ili itutoshe wawili?

"Panda ukifika bar 50" ni kauli ya kuangaliwa upya. Tufanye hesabu ya mita 18 katika Nyanza. Ziwa liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo shinikizo la anga ni kama bar 0.88. Maji yasiyo na chumvi ya mita 18 yanaongeza bar 1.76, jumla 2.64. Mtu mwenye hofu tumpe lita 30 kwa dakika, wawili lita 60.

Dakika moja ya kushughulika chini: 60 × 2.64, sawa na lita 158. Kupanda dakika 2 kwa wastani wa bar 1.76: lita 211. Kituo cha usalama, yaani kusimama dakika 3 katika mita 5, penye bar 1.37: lita 247. Jumla ni lita 616. Kwa mtungi wa lita 12 hizo ni bar 51, na kwa ule wa alumini wa lita 11 ni bar 56.

Hapo hujahesabu geji inayokosea kwa bar 5 au zaidi, wala zile bar 10 hivi za mwisho ambazo regulata haiwezi kukupa. Kwa hiyo kwa kina hicho anza safari ya kurudi ukiwa na bar 70, na zaidi ukiwa mbali na kamba ya nanga. Ukibaki na kidogo, kituo cha mita 5 ndicho cha kuacha: bila hicho hesabu inashuka hadi lita 369. Kuibuka bila kituo, kwa mwendo mzuri, ni heri kuliko kubaki bila hewa.

Jambo jingine: hatua ya kwanza ya bei nafuu isiyosawazishwa huwa nzito kuvuta mtungi unapokaribia kuisha. Watu wawili wakivuta pamoja, uzito huo unakuja mapema. Msidhani imeharibika. Vuteni kwa utulivu, taratibu na kwa kina.

Bado inafaa kupokezana regulata moja, pumzi mbili kila mtu?

Zamani ilifundishwa kwa kila mtu, sasa vyama vingi vya uzamiaji vimeiondoa kwenye masomo ya mwanzo. Inahitaji watu wawili watulivu waliofanya mazoezi pamoja hivi karibuni, na hao mara nyingi si ndio wanaoishiwa hewa. Oktopasi inagharimu kidogo ukilinganisha. Usishuke na mtu asiye nayo.

Hosi ikipasuka chini, nina muda gani?

Wengi huogopa hosi ya geji kwa sababu ina shinikizo kubwa. Kumbe ndani ya mwisho wake mna kitundu kidogo kama cha sindano, na hewa inapita kidogo kidogo. Inapiga kelele ya kutisha, lakini una muda wa kupanda kwa utaratibu. Hosi ya shinikizo dogo haina kizuizi hicho. Ikikatika, mtungi unaweza kuisha kwa dakika chache tu. Kwa vyovyote vile mshike mwenzako mara moja na upokee hewa yake ungali na yako. Hosi ya kujazia jaketi ikikwama na kujaza yenyewe, ichomoe kwa kuvuta kola yake nyuma. Zoeza vidole, maana ukivaa glovu si rahisi.

Naweza kubadilisha hosi mwenyewe?

Unaweza, ukiwa mwangalifu. Hosi nyingi za shinikizo dogo zinafunguliwa kwa spana ya inchi 9/16, na za geji 5/8. Toa hewa yote kwanza kwa kubonyeza kitufe. Angalia oringi, ile pete ya mpira inayozuia kuvuja: namba 011 kwa tundu la shinikizo dogo, 012 kwa kubwa. Ikiwa imepasuka au imekuwa bapa, weka mpya na uipake grisi ya silikoni kidogo sana. Anza kufunga kwa vidole mpaka mwisho, kisha spana ikaze kidogo tu. Anayekaza kama nati ya gurudumu anakata uzi wa shaba, na hatua ya kwanza nzima inaharibika. Fungua mtungi polepole, zamisha yote kwenye karai la maji, tazama mapovu.

Kukagua hosi, sogeza vile vifuniko vya plastiki vya miishoni. Mipasuko hujificha chini yake. Zile hosi laini zilizosukwa uzi kwa nje zinapendwa kwa wepesi, lakini ndani ya baadhi yake bomba limewahi kuganda chembechembe na kuziba hewa, hasa nchi za joto. Usiziache kwenye buti la gari juani, na zibadilishe mapema kuliko zile za mpira wa kawaida. Regulata yenyewe ipelekwe kwa fundi kila mwaka.

Na vumbi. Barabara ya murram kutoka mjini hadi ufukweni inaingiza vumbi jekundu kila mahali. Kifuniko cha hatua ya kwanza kikae mahali pake muda wote, kikiwa kimekaushwa kwa taulo. Usikikaushe kwa kupuliza hewa ya mtungi karibu na tundu lililo wazi, maji yatarushwa ndani.

Ukaguzi wa haraka kabla ya kuruka majini ni upi?

Vuta pumzi 4 au 5 huku unatazama geji. Mshale ukishuka kila unapovuta na kurudi, vali haijafunguka yote. Kosa hilo hujificha juu ya maji na kujitokeza mita 15. Kisha vuta oktopasi pia, si kuibonyeza tu. Mwenzako afanye hivyo kwa yako na wewe kwa yake, kila mmoja akitaja kwa sauti: "Ya kwako iko hapa, nikiishiwa nachukua hii."

Tufanyie mazoezi wapi?

Kwenye bwawa la kuogelea, Kampala au Entebbe. Usijifunzie kwenye maji mafupi yenye majani kando ya ziwa. Hapo ndipo konokono wa kichocho wanapoishi, na mazoezi yanakuweka humo saa nzima. Fanyeni mara nne tano macho wazi, kisha miwani ikiwa imezibwa kwa karatasi, kisha mkiwa mnaogelea badala ya kupiga magoti, kwa sababu ziwani hakuna sakafu ya kupigia magoti.

Tumegawana hewa na kuibuka salama. Tufanye nini sasa?

Msizamie tena siku hiyo. Pumzikeni, kunyweni maji, na kila mmoja amwangalie mwenzake kwa maumivu ya viungo, ganzi, kizunguzungu au uchovu usio wa kawaida. Ukiona dalili, mpe oksijeni safi na umwone daktari. Mkumbuke kwamba tayari mko juu ya mita 1,000, na kompyuta ya kuzamia isiyojirekebisha yenyewe lazima iwekwe hali ya mwinuko kabla ya kushuka. Wanaotoka Entebbe kwenda Kabale jioni hiyo hiyo wanapanda mamia ya mita tena kwa gari, na kwa mwili, huo ni mwinuko kama ule wa ndege. Ngojeni angalau saa 12 baada ya mzamo mmoja, na saa 18 kama mlizamia mara kadhaa.